Kompyuta Isiyoguswa na Fundi

Wifi yangu Thuwaiba ana miaka kumi na tisa anapiga video kwenye shughuli za wanawake, na miaka yote hiyo mie ndiye nnayemshikia taa. Magoti yananiuma, na hakuna anayeniuliza. Lakini mjini hapa, bibi harusi akitaka kuvua mtandio acheze na mashoga zake, anamtaka Thuwaiba tu, maana picha zake hazionwi na mwanamme yeyote, hata kaka yangu, mumewe.

Kompyuta yake aliuziwa na mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi hotelini Kendwa. Akaambiwa aina ile haipati virusi. Basi tena! Kila fundi Ubwa, jirani yetu hapa Ng'ambo, akimwambia, "Bi Thuwaiba, niletee niitazame," humjibu, "Yangu haiugui. Na ndani mna watoto wa watu vichwa wazi, wewe utatazama kama nani?"

"Mficha uchi hazai, wifi," nikamwambia siku moja. Akanambia nishike taa yangu.

Juzi ikaingia picha kwenye simu yake, kutoka namba tusiyoijua. Muzdalifa, yule bibi harusi wa Mbweni wa mwezi uliopita, nywele nje, mabega nje, anacheka. Thuwaiba akakaa chini sakafuni. Video ile haijatoka kwenye kompyuta yake. Hata Muzdalifa mwenyewe hajakabidhiwa.

Ndipo alipoitwa Ubwa. Alivyokuwa akitazama, wifi kajiziba uso kwa viganja. Ubwa akatuonesha programu ya bure ya kupambia picha, aliyoishusha Thuwaiba mwenyewe mtandaoni. Ilipomuuliza neno la siri la kompyuta, akaliandika, kumbe kaifungulia mlango. Miezi mitano programu ile ilikuwa ikichukua picha na kuzipeleka nje.

"Si haipati virusi hii?" Thuwaiba akauliza, sauti ya mgonjwa.

"Nani kakwambia, Bi Thuwaiba? Zipo zinazopata kwa shida. Isiyopata kabisa sijaiona."

Mie nikasema tunyamaze. Ndiyo, nilisema, wala sioni haya, nshachoka mie. Nani atatuita tena shughulini? Thuwaiba akavaa buibui lake. "Bora asikie kwangu kabla hajasikia njiani."

Muzdalifa alitupokea ndani kwao, kichwa wazi, nywele kazifunga nyuma kwa mpira. Akatuamkia, akatutilia chai. Hapakuwa na mtu mwengine. Thuwaiba akamweleza yote, hakupunguza neno, na mie nikatazama kikombe changu tu.

"Nani wengine wameiona?"

"Sijui, mwanangu."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alinyanyuka, akachukua mtandio uliokuwa juu ya kiti, akajifunika nywele zote mpaka kwenye paji la uso, akakaa tena mbele yetu sisi, wanawake wenzake.