Magunia Manane na Simu ya Sepuka

Siku uvumilivu wangu ulipoisha, nilimweka mwanangu juu ya meza ya afisa, katikati ya mihuri na chupa yake ya maji, nikarudi nyuma hatua mbili. Mtoto alikuwa na miezi kumi na mmoja. Aliokota muhuri mmoja, akautia mdomoni.

"Dada, unafanya nini?"

"Nakuachia. Umesema mimi nina mali, sistahili fao. Na huyu ni mali. Mwandike."

Watu kwenye benchi walicheka. Mzee mmoja mwenye koti akasema, "Mwandike, kijana. Tena mwandike vizuri, anaota meno." Afisa hakucheka. Aliutoa muhuri mdomoni mwa mtoto, akaufuta kwenye suruali, akarudia maneno yaleyale: kuna watu wana shida kweli, na mimi nina magunia thelathini ya alizeti na biashara ya mafuta mjini, basi niwaachie wenzangu.

Sikuwa na magunia thelathini. Nilikuwa nimeanza na manane. Biashara ya mafuta sikuwahi kuwa nayo.

"Nani kasema?"

Akafungua faili, akageuza ukurasa, akaugonga kwa kalamu. "Mama yako mzazi. Tulimpigia wenyewe."

Nikambeba mtoto, nikatoka.

Kabla ya hapo nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kukamua alizeti nje kidogo ya mji wa Singida. Nilisoma mizani, nikaandika, nikagombana na watu waliolowanisha mbegu ili zizidi uzito. Nilifanya hivyo miaka mitatu. Kila mwezi kwenye hati yangu ya mshahara kulikuwa na mstari wa makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Sikuupenda ule mstari. Msimu ulipokwenda vibaya, kiwanda kikapunguza watu, na mimi niliyekuwa nimetoka likizo ya uzazi juzi tu nikawa wa kwanza kuitwa. Barua ilikuwa na sentensi tatu. Ya tatu ilinitakia kila la heri.

Sisi wa mizani tulikuwa na tabia moja. Wakati wa mavuno, mbegu ikiwa bei ya chini, kila mmoja alinunua gunia moja moja kwa mshahara wake, akalificha kwao, akasubiri miezi ile mashine zinapoanza kugombania mbegu. Yangu niliyapeleka kwa mama, kijijini Sepuka, kwenye chumba nilicholala nikiwa msichana, juu ya mbao ili unyevu usiyafikie. Wengine wana benki. Mimi nilikuwa na kile chumba.

Na magunia yale yalikuwa na kazi yake. Unyambwa, karibu na nilikopanga, kuna mzee alikubali kunishikia kiwanja. Alishapanga mawe ya mpaka. Nilimwambia sina kitu mkononi mpaka bei ipande, akasema, "Nitasubiri mpaka mashine zianze kulia njaa. Zikinyamaza na wewe hujaja, nauza." Kalenda yake na yangu ilikuwa moja. Nikiuza magunia mapema, kwa bei ya mavuno, yangetosha nusu ya kiwanja, na nusu kiwanja hakiuzwi.

Kwa hiyo nilihitaji kuvuka miezi michache: kodi, unga, maziwa ya mtoto. Fao la kukosa ajira lingenivusha. Nilijaza fomu, nikapeleka barua ya kiwanda, barua ya mtendaji, nakala ya kitambulisho, picha mbili. Penye nafasi ya ndugu wa karibu nikaandika namba ya mama.

Mara ya pili kwenda niliambiwa nirudi wiki ijayo. Mara ya tatu niliambiwa kuna uhakiki. Mara ya nne niliambiwa faili lina tatizo, ila mwenye kujua tatizo kasafiri. Katikati ya safari hizo niliuza gunia moja, kisha la pili. Mama alinisaidia kuyabeba hadi barabarani, wala hakuuliza kitu.

Pale kwenye benchi kuna mwanamke alinishauri. Aliniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema, "Mdogo wangu, umekuja umependeza mno. Wenzako wanavaa kanga iliyochanika, wanalia kidogo. Sema huna kitu, shida iishe." Nikamwambia nina magunia na sitayakana. Akasema, "Basi kaa hapo na magunia yako."

Siku ile ya muhuri nilipanda bodaboda moja kwa moja hadi Sepuka. Mama alikuwa uani anapepeta mtama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto kafanya nini mdomo? Umempaka wino?"

"Mama, kuna mtu alikupigia simu kuuliza habari zangu?"

Akaweka ungo chini. Akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu nimletee mjukuu asiye na baba wa kumwonyesha. "Kumbe umeshaambiwa! Mimi nilinyamaza nisije nikaharibu."

"Kuharibu nini?"

"Ana adabu yule. Anaongea taratibu. Ni mwenyewe au katumwa?"

Nikakaa kwenye kigoda. "Niambie alichouliza, kimoja kimoja."

"Aliuliza kama wewe ni binti yangu. Nikasema nimekuzaa mimi. Akauliza unaishi na nani. Nikasema unaishi na mwanao tu, mwanaume hakuna, aulize mtaa mzima. Akauliza unajishughulisha na nini. Sasa ulitaka nimwambie umekaa tu?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia mwanangu hakai bure. Ana alizeti, magunia thelathini."

"Mama, yalikuwa manane!"

"Manane ndiyo ya kumwambia mkwe? Nikamwambia pia unauza mafuta mjini, na hesabu unazijua. Akawa anaandika, nasikia karatasi. Nikasema huyu kadhamiria."

"Mama. Yule ni mtu wa mfuko. Wa fao langu."

Kuku walipita katikati yetu. Mama aliokota ungo, akauweka tena chini. Akasema neno moja la Kinyaturu ambalo sitaliandika. Kisha, "Sasa mbona aliuliza kama mshenga?"

Na kweli aliuliza kama mshenga. Kwetu barua ya posa haiji hivihivi. Kwanza watu wa upande wa mwanaume wanaulizia kichinichini: binti anafanya kazi, anaishi na nani, ana chochote. Hawajitambulishi, na mzazi hawaulizi, maana kuuliza ni kuonyesha haraka. Mzazi kazi yake ni kusifia. Akisema mwanangu kakaa tu, amemlaani. Mama alifanya kama mama yeyote wa Sepuka angefanya, tena kwa furaha.

Sikumlaumu. Niliyemlaumu ni mtu mzima mwenye meza, aliyepiga simu kijijini bila kusema anaitwa nani wala anapigia kutoka wapi, akaandika alichosikia, akafunga faili.

Halafu, tuseme yangekuwa thelathini. Ukutani nyuma ya kichwa chake kumebandikwa karatasi ya masharti. Nimeisoma mara tano, pale kwenye benchi hakuna kingine cha kusoma. Uwe umechangia miezi inayotakiwa. Uwe hukuacha kazi kwa hiari yako. Uwe hujafika umri wa kustaafu wala kupata ajira nyingine. Basi. Hakuna gunia pale. Hakuna neno maskini. Nimeishia kidato cha nne, na kidato cha nne kinatosha kusoma ile karatasi. Walinikata miaka mitatu bila kuniuliza kama nina shida. Sasa zamu yangu imefika, wananipima umaskini.

Kesho yake nikaenda steshenari, mkabala na ofisi, nikamsomea binti wa kompyuta barua niliyoandika kwenye daftari, naye akaichapa. Alipofika mwisho akaniuliza, "Dada, hii sentensi ya mwisho tuiache?" Nikasema iache.

Masjala, mama mmoja aliipokea akaiweka pembeni. Nikamwomba agonge muhuri kwenye nakala yangu.

"Acha tu, mwanangu. Tutakupigia."

"Mkipiga mtampigia mama yangu. Naomba muhuri."

Akagonga. Nakala ninayo, na inasomeka hivi:

Kwa Meneja wa Mkoa.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUZUILIWA KWA FAO LA KUKOSA AJIRA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanachama wa mfuko, niliyepunguzwa kazini. Nimetimiza masharti yote yaliyobandikwa kwenye ukuta wa ofisi yako. Afisa wako amezuia fao langu kwa sababu nina akiba. Naomba unionyeshe kwa maandishi sharti linalosema mwenye akiba halipwi. Kama halipo, naomba nilipwe.

Afisa huyo alimpigia mama yangu bila kujitambulisha. Mama alidhani ni mtu wa posa, akanisifia. Maelezo yake nimeambatanisha, ameweka dole gumba. Biashara ya mafuta haipo. Magunia yalikuwa manane, sasa ni sita, kwa kuwa mawili nimeyala nikisubiri ofisi yako. Sita hayatoshi kiwanja nilichoshikiwa. Kila wiki mnayonirudisha nyumbani, yanazidi kupungua.

Naomba maelezo ya simu ile yaondolewe kwenye faili langu, na afisa aelekezwe kusema jina lake na ofisi yake kabla ya kumuuliza mzazi wa mtu lolote.

Mama anaomba radhi kwa kumdhania afisa wako kuwa mkwe. Mimi siombi radhi kwa kumweka mtoto mezani.