Ndani ya Sola Kuna Fedha

Nilikuwa nalala stoo. Baba mdogo anauza sola Kariakoo, na paneli zilizokufa, zile wateja wanazorudisha ili wapunguziwe bei ya mpya, anazirundika humohumo, pembeni ya godoro langu. Rundo likisogea, mimi najikunja. Nilitaka zitoke nilale kama mtu, hilo tu.

Asubuhi moja nikamwanza. "Shikamoo baba mdogo. Hizi mbovu tuzipeleke kwa wanaozichambua. Ndani kuna fedha."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Fedha. Ndiyo vile vistari vyeupe. Wanaitoa kwa tindikali."

Tindikali hakuisikia. Sisi Wachaga ukishatutajia fedha, sentensi iliyobaki unaimalizia peke yako. Akafunga duka, duka ambalo halikufungwa hata siku ya ubatizo wa mwanawe, akaingia stoo na nyundo.

Dada anayeuza vitenge mlango wa pili akachungulia mara moja tu, ikatosha. "Jamani njooni! Mangi anapasua sola, zimejaa hela!"

Watu wakajaa mlangoni, kila mmoja fundi.

"Gonga katikati, Mangi! Pembeni hawawezi kuficha!"

"Taratibu bwana, utachana noti!"

Chenga za vioo zikaruka mpaka godoro likawa kama limemwagiwa sukari. Paneli ya mwisho ilipopasuka, baba mdogo akanigeukia, jasho linamtiririka.

"Haya, msomi. Hela iko wapi?"

"Mimi nilisema fedha, baba mdogo. Madini. Ile ya pete."

"Silva?"

"Silva."

"Sasa si ungesema silva! Nimekusomesha mpaka fomu foo, unakuja kuniongelesha Kiswahili cha taarifa ya habari dukani kwangu?"

"Pole Mangi," dada wa vitenge akasema. "Labda hizo zilikuwa za mkopo."

Mtu wa skrepa akabeba fremu za alumini. Vioo akakataa hata kuvigusa.

Ila Kariakoo nani ataamini Mchaga kafunga duka bure? Kesho yake watu wakaanza kuleta sola zao mbovu, wanataka wapasuliwe, tugawane nusu kwa nusu. Baba mdogo hakumkatalia mtu. Alipokea mbovu, akawauzia mpya.

Stoo sasa hata mlango haufunguki. Nalala juu ya kaunta, na anayeniamsha ni mteja wa kwanza: "Oya, sola za kupasua zinapokelewa hapa?"