Nilivyojitapa ukweni Mapera kuwa najua kufuma

Wakuu, habari za humu. Nawaletea yaliyonikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza. Kama kuna wa Mapera humu anayeikumbuka siku hiyo, anisahihishe taratibu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Biashara imeshafunguliwa, mitumba imejaa kila soko, na mimi kijana wa Liuli, kule ziwani, nimepanda Mbinga kuuza masweta.

Kwa wasioijua Mbinga, mwezi wa saba baridi ya kule haina adabu. Sisi wa ziwani tumezoea kulala bila shuka. Nilikuwa navaa masweta matatu ya biashara asubuhi, jua likitoka nayakung'uta nayatundika. Mlionunua kwangu mnisamehe.

Nikampenda binti wa Mapera, Editha. Baba yake alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho kuhusu posa lilikuwa la bibi yake. Mambo ya madhehebu yetu kutofautiana bibi alisema yatazungumzika. Shida yake ilikuwa ziwa. Alisema wanaume wa kule mikono yao inajua nyavu tu, na hakuna mjukuu wake atakayeshuka huko kuliwa na mbu.

Siku nimekwenda kujitambulisha nikamkuta amejifunga kanga shingoni, anakohoa. Mdomo ukaniponza.

"Bibi, Jumapili nakuletea skafu nene ya duara, ile ya kuingizia kichwani. Nitaifuma mwenyewe kwa mikono yangu."

Akanitazama kuanzia viatu. "Haya, kijana wa ziwani. Ilete, ndiyo tuongee habari ya posa."

Wakuu, nilikuwa sijawahi kushika sindano ya kufumia hata siku moja! Ila confidence ilikuwa juu. Nimekua nasuka nyavu na mzee wangu, nikajiambia uzi ni uzi tu.

Nikafumua masweta mawili yaliyokosa mteja, nikaunganisha nyuzi nne ziwe unene mmoja. Sindano nikachonga za mwanzi, nikazilainisha kwa kipande cha chupa.

Mama Zuhura, mke wa mwenye duka jirani, akanielekeza. Unapanga vitanzi kwenye sindano moja. Unaingiza ya pili ndani ya kitanzi, unazungusha uzi, unavuta kitanzi kipya, cha zamani unakiangusha. Mstari ukiisha unageuza. Kipande kikitosha kuzunguka kichwa, unashona ncha mbili pamoja, basi.

Rahisi kabisa. Tatizo lilianza nilipobaki peke yangu nikaviangalia vile vitanzi. Havina fundo hata kimoja! Kwetu ukiacha tundu la wavu bila kukaza fundo, ufuko mzima unakucheka. Nikaona huyu mama amenifundisha kazi nusu. Basi kila kitanzi nikawa nakipiga fundo la wavu, nakaza kwa meno.

Jumapili baada ya misa nyumba ilijaa. Bibi akaipokea skafu, akaigonga kwa kidole, ikalia ko. Akaivaa.

Ikafika masikioni, ikagoma.

Mjomba wa Editha akavuta chini, ikagoma. Akavuta juu, ikagoma vilevile. Bibi akasema akiwa humohumo ndani: "Editha, umeniletea mchumba au mgono wa kutegea samaki?"

Watu walicheka, mmoja akakimbilia nje. Editha peke yake alikuwa ameinamisha uso, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. (Baadaye sana akaniambia alikuwa anajizuia kucheka.)

Ilibidi ikatwe kwa mkasi, maana fundo la Liuli halifumuki. Nikasimama niage. Nilijua mke nimeshamkosa, na roho iliniuma mno.

"Unakwenda wapi?" Bibi akauliza. "Kaa. Lete hivyo vijiti vyako."

Kumbe alifundishwa kufuma na masista tangu usichana wake. Nilikalishwa kwenye kigoda miguuni pake Jumapili nne mfululizo. Kila nikijisahau nikapiga fundo, nachapwa kofi la mkononi. "Legeza! Kitanzi kinashikwa na mwenzake, ukikifunga hakivutiki."

Jumapili ya nne akaivaa skafu mpya. Ilikuwa imepinda upande mmoja na ina matundu mawili ya wazi, lakini ilipita kichwani ikatulia shingoni. Akaivuta hadi kidevuni, akageuza shingo kulia na kushoto. Mimi jasho linanitoka na baridi yote ile.

Kisha akasema, "Mume wangu, mwandikie baba yako apande huku. Mwambie avae sweta, asije akatufia."

Wakuu, bibi wa watu akikuita mume wangu, ujue umeshakuwa mjukuu wake. Nililia mbele ya wakwe na sikuona aibu.

Nilichojifunza: ukienda kufundishwa kazi mpya, ujuzi wako wa zamani uache mlangoni kwanza. Na ukweni ahidi unachokiweza.

Haya, semeni na nyie. Nani mwingine alijitapa ukweni, na alichomokaje?