Sentimita Tatu za Mkwe

Tangu kiharusi kimnyang'anye mguu na mkono wa kushoto, seremala alibakiwa na jambo moja la nje ya nyumba alilolifanya bila kusaidiwa: kuingia garini. Alijitengenezea ubao kwa ajili hiyo, akaupiga randa kwa mkono mmoja siku kumi na moja, akaupaka nta. Ncha moja inakaa kwenye kiti chake cha magurudumu, nyingine kwenye kiti cha abiria, naye anateleza hadi ndani akihema na kutukana kwa sauti ya chini, bila kuguswa na mtu. Viti vyote viwili vilikuwa na kimo cha sentimita hamsini na nne. Alikuwa amepima mara tatu. Hivyo ndivyo alivyokwenda kwenye mazoezi ya viungo kila Alhamisi, na majirani walikwishajifunza kutazama pembeni.

Kisha mkwewe akabadilisha springi.

Mkwe huyu ni fundi magari na ni mtu mwema, na hapo ndipo penye taabu. Mtu mbaya ungemtukana ukalala. Gari la mkewe lilikuwa likigonga mbele kwenye kila shimo, akaona amfurahishe yeye na baba yake kwa mpigo mmoja. Akafunga springi mpya, shokapu mpya, na mikono mipya ya chini inayoyashikilia magurudumu, pamoja na bushi zake za mpira. Gari likarudi limeinua pua kama mtu aliyepandishwa cheo juzi.

Alhamisi, ubao ukawa mlima. Seremala alijaribu mara nne, na mara zote nne nta yake mwenyewe ikamrudisha alikotoka.

"Nikubebe, baba?" binti yake akauliza.

"Kwani nimekuwa gunia?"

Akarudi ndani. Mtaalamu wa mazoezi alimpigia simu binti: mguu ukikosa na wiki ya pili, utasahau yote uliyofundishwa.

Jioni fundi akaja kusalimia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkwe wangu. Gari limepanda."

"Kidogo tu. Springi mpya hizo, zitalala zenyewe zikishazoea."

"Sentimita tatu."

"Si ndiyo, mzee. Tatu tu."

Kuna watu wa kuambiwa "tatu tu," na seremala si mmoja wao. Lakini mkwe hatukanwi. Akameza mate, akasema, "Haya, baba," na yaliyobaki akamwambia binti yake, ambaye aliyafikisha kwa mumewe yakiwa yamepunguzwa chumvi.

Jumamosi fundi aliweka mifuko miwili ya mchanga juu ya boneti kutwa nzima. Boneti likabonyea, pua haikushuka. Jumatatu akayapitia matuta yote ya mtaa kwa kasi, eti kuziamsha springi. Matokeo yake aliamka mtoto wa jirani. Jumanne akaja na msumeno wa chuma, akate springi pingili moja.

Seremala akauona msumeno kupitia dirishani, akajisukuma hadi nje.

"Mkwe, weka hicho chini. Naomba kuuliza, kwa heshima zote. Ile mikono uliikaza gari likiwa wapi?"

"Juu ya jeki, mzee."

"Magurudumu?"

"Yananing'inia."

"Ukakaza mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho kabisa!" fundi akajibu kwa fahari.

Seremala akafumba macho. "Kitanda cha bolti ukikikaza kikiwa kimeegemezwa ukutani, kitakumbuka ukuta maisha yake yote. Unakaza kwa vidole, unakisimamisha sakafuni, ndipo unaleta spana. Magari siyajui."

"Magari ni tofauti, mzee."

"Ndiyo maana nimesema siyajui."

Fundi akaufunga msumeno wake kwenye gazeti, polepole mno.

Jumatano akaliingiza gari juu ya shimo la gereji, likiwa limesimama kwa magurudumu yake, akazilegeza bolti za mikono kutokea chini. Binti alikuwepo. Anasema mpira wa zile bushi, uliokuwa umenyongwa tangu siku ya jeki, ulilia kama mlango wa kabati kuukuu, na pua ikashuka mumewe akitazama. Akazikaza upya. Kisha akaliendesha hadi kwa mzee.

"Springi zimezoea, mzee," akatangaza walipofika.

"Naona," seremala akasema. Binti akatazama angani.

Futi ya seremala ikasoma hamsini na tano kwenye kiti cha abiria.

"Bado moja."

"Hiyo ni ya springi zenyewe, mzee. Zile za zamani zilikuwa zimechoka. Hiyo mimi siiwezi."

Lilikuwa jibu la kwanza la kweli tangu kazi ianze, na seremala alilipokea vizuri kuliko walivyotarajia. "Hiyo usiiguse," akasema. Akaagiza kipande cha plaiwudi cha sentimita moja, akakichomeka chini ya mto wa kiti chake.

Alhamisi akateleza. Alitukana zaidi ya kawaida, na katikati ya ubao akakwama muda mrefu hivi kwamba fundi alilazimika kuishika mikono yake nyuma ya mgongo, mmoja ukiuzuia mwingine. Hatimaye seremala akaketi, akauvuta mguu ndani, akaiweka sawa kola ya shati.

"Mkwe," akasema bila kugeuka. "Mlango unaweza kuufunga."