Mama Mkwe na Yule Mama wa Redioni

Niliolewa Rangwe nikitokea Migori, na katika vyote nilivyokuja navyo, kilichompendeza mama mkwe wangu zaidi kilikuwa Kiswahili changu. Baba yangu aliuza nguo sokoni Migori. Wateja wake walikuwa Waluo, Wakuria, Wasomali na Wahindi wenye maduka, na bila Kiswahili hungeuza hata kifungo. Mimi nilikua nikikisema. Kule Rangwe watu walizungumza Dholuo tangu kuamka hadi kulala, na Kiswahili kilikuwa cha kumjibu karani wa chifu.

Mume wangu alifanya kazi bonde la Lambwe, kwenye kikosi cha kufyeka vichaka vya mbung'o, na alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Mwaka uliofuata uhuru alikuja na redio ya betri. Mama yake aliiweka juu ya kabati la vyombo, akaishonea kitambaa chenye maua.

Jumatano jioni, baada ya habari, kulikuwa na mchezo wa kuigiza. Ulihusu fundi baiskeli wa mjini, mkewe mwenye ulimi mkali, na mama yake fundi, aliyekuja kuwatembelea kwa wiki moja kisha akahamia kabisa. Kila kitu kilisemwa kwa Kiswahili. Jioni ya kwanza walikuja majirani wawili, mke wa katekista na mama mmoja Msabato, na mama mkwe akaniketisha karibu na redio niwatafsirie.

Nilianza vizuri. Halafu mke wa fundi akalipuka: "Hiki kibibi kinakula kama nzige na kinasikiliza mlangoni kama askari kanzu!"

Nikafungua mdomo, na hapo nikamwona mama mkwe wangu, amekaa hatua moja kutoka kwangu, mikono mapajani, akingoja. Nilikuwa na miezi minne tu katika boma lile.

"Anasema nini, nyar Migori?" aliniuliza. Ndivyo alivyoniita, binti wa Migori.

"Anasema mama amewapikia chakula kizuri sana."

"Mbona anapiga kelele hivyo?"

"Ni furaha, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nami nikawa nimeingia mahali ambapo sikujua njia ya kutokea.

Kwa sababu yule mama wa redioni hakuwa na siku ya kupumzika. Akiiba sukari ya mkaza mwanawe, mimi nilisema amewapelekea mayatima wa jirani. Akimlaani, nilisema anamwombea. Wiki moja alimchongea kwa mwenye nyumba ili afukuzwe, na nilitoka jasho mpaka nikapata kusema kwamba amekwenda kumsihi mwenye nyumba apunguze kodi. Mke wa katekista akapiga makofi. Mama mkwe wangu alimpenda yule mama kupita kiasi. Kukitokea ugomvi kisimani, aliwaambia wanawake wafikiri kwanza mama wa fundi angefanya nini.

Mambo yakaenda hivyo miaka miwili. Na niseme ukweli, nami nilikuwa nimeanza kumpenda.

Halafu ikatangazwa redioni kwamba waigizaji wale wale wametengeneza sinema, hadithi ikiendelea pale ilipofikia, na kwamba gari la sinema litazunguka miji ya huku kwetu. Homa Bay lingefika Jumapili. Mama Msabato alishukuru kwamba si Jumamosi. Mke wa katekista yeye hakutaka kabisa.

"Fundi nimeshamwona humu kichwani mwangu," alisema. "Ni mrefu, ana mwanya, na anatembea polepole. Wakinionyesha mwingine nitafanyaje?"

"Si ni yeye mwenyewe?" mama mkwe akamjibu. "Mtu atabadilikaje kwa sababu umemwona? Mimi nataka kumwona mama yake. Nataka nijue uso wake."

Mimi niliomba moyoni gari lile likwame kwenye matope ya barabara ya Kosele lisitoke.

Halikukwama. Jumapili ile mama mkwe alivaa gauni lake la Pasaka, tukapanda basi la asubuhi, sote wanne. Pale Homa Bay walikuwa wametundika mablanketi kwenye madirisha ya ukumbi ili kuzuia jua, na ndani kulikuwa na joto kama jikoni. Jenereta likanguruma nje, picha ikatokea ukutani.

Fundi alikuwa mfupi, ana kitambi.

"Huyu ni nani?" mke wa katekista akauliza. Fundi akasema neno moja tu, na sauti ilikuwa ile ile ya kila Jumatano. "Mungu wangu," mke wa katekista akanong'ona, "ameingia ndani ya mtu mwingine!"

Kisha akaja mama. Mwembamba, shingo ndefu, sikio limebandikwa mlangoni. Hakuhitaji mkalimani. Watu wote walimwona akichota sukari na kuimwaga kifuani mwa gauni. Walimwona akitupa chumvi kwenye chai ya mkaza mwana. Mwishowe alirudi nyuma akikwepa kuonekana, akaangukia karai la maji ambalo fundi hupimia matundu ya mipira, miguu juu. Ukumbi mzima ulicheka mpaka mablanketi yakatikisika. Mama mkwe wangu hakucheka. Hata mimi niliyejua ukweli nilihisi uchungu, kana kwamba nimemwona shangazi yangu akitukanwa barabarani.

Njiani kurudi, wenzangu walikasirika kweli.

"Wametuharibia mama wetu," alisema mke wa katekista.

"Nilijua sinema ni ya kupotosha," alisema mama Msabato, ingawa alikuwa amecheka pale kwenye karai.

Kesho yake asubuhi mama mkwe aliniita. Mezani kulikuwa na karatasi, kalamu na bahasha.

"Waandikie," alisema. "Wewe unajua Kiswahili. Waambie sisi tumemsikiliza yule mama miaka miwili, hana tabia hiyo. Wamwombe radhi."

Niliandika salamu. Niliandika kwamba sisi ni wazima, na kwamba mvua imenyesha. Nikaweka kalamu chini.

"Mama, sinema haikukosea. Ni mimi."

Nikamweleza yote.

"Sukari ya mayatima?" aliuliza.

"Aliiba."

"Na siku ile alipomwombea mkaza mwana, sisi tukalia?"

"Alikuwa akimlaani, Mama."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Nilikuogopa wewe. Ningekutazamaje nikisema maneno yale kuhusu mama mkwe?"

Aliinuka akatoka nje, akawarushia kuku mtama mwingi kuliko kawaida. Siku mbili alisema nami mambo ya kuni na maji tu.

Jumatano alikuja mzee jirani yetu, aliyewahi kuwa askari na kujifunza Kiswahili jeshini. Mama mkwe akampa kiti changu. Mzee alitafsiri kama anayetoa ripoti kwa mkubwa wake. "Mwanamke amekataa. Mwanamume ameondoka. Mama mzee ameitwa nzige." Mke wa katekista alianza kusinzia. Nilikuwa karibu na mlango nikipembua maharagwe, na bila kukusudia nikasema, "Hakumwita nzige tu. Amesema nzige wakimwona watahama wilaya."

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuitarajia: mama mkwe wangu anacheka. Alijaribu kuzuia kwa kanga, ikashindikana.

"Mzee, asante, kunywa chai," alisema akijifuta macho. "Nyar Migori, rudi kwenye kiti chako. Na usinifiche hata tusi moja."

Sikumficha. Kuanzia hapo nilitafsiri kila kitu kama kilivyo, na aliyecheka zaidi ya wote alikuwa yeye. Mara moja moja tu, hadithi ikiisha, aliuliza kwa sauti ya chini yule mama mwingine, wa kwangu, angefanya nini hapo, nami nikamwambia.

Miezi kadhaa baadaye gari la sinema lilirudi Homa Bay na picha ile ile. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kwenda kusimama barabarani kungoja basi. Ukumbini aliniamuru nitafsiri kwa sauti, na wanawake wa viti vya mbele wakageuka, wakaacha picha wakanisikiliza mimi. Mwenye mtambo wa sinema akaja akatuomba tunyamaze.

Mama mkwe wangu, ambaye sikuwahi kumsikia akisema Kiswahili hata mara moja, akainua kidole.

"Wewe ngoja kidogo," alimwambia. "Huyu naeleza."

Yule bwana akatutazama, akavuta kiti, akakaa.