Tikiti Miguuni pa Jogoo

Asubuhi ile niliamka Ibadakuli, nikakunja shuka langu, nikalitia begini, nikatoka bila kujua ninakokwenda. Barabarani lilikuwa limesimama lori la matikiti. Utingo alikuwa anatapika pembeni, na dereva akaniuliza kama nina mgongo wa kubebea mizigo. Nikasema ninao. Tulishusha mzigo Katoro jua likiwa bado kali. Dereva akanipa tikiti lililopasuka, akaondoka. Nikaanza kutafuta chumba huku nimelikumbatia.

Nyuma ya soko niliona geti lililo wazi. Uani, mama mwenye nyumba alikuwa anawachapa kuku kwa kandambili.

"Shikamoo, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Wachimbaji wa dhahabu sipangishi. Wanavunja milango kwa mateke."

"Mimi si mchimbaji."

"Sasa wewe nani?"

"Natembea tu."

"Heee! Afadhali hata wachimbaji."

Lakini macho yake yalikuwa kwenye tikiti. Katikati ya ua alikuwa amefungwa jogoo mwekundu, mkubwa, kamba mguuni na kigingi ardhini. Kesho yake wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti wa mama huyo, na kwa desturi ya huku mgeni wa heshima huonyeshwa kuku akiwa hai kabla hajachinjwa. Jogoo huyo ndiye angeonyeshwa. Tangu afungwe, alikuwa amesusa pumba.

"Niwaonyeshe wakwe mifupa?" mama alilalamika.

Nikamwambia kwamba kuku niliowaacha Ibadakuli waligombania maganda ya tikiti na majani ya mchicha. Akacheka. Nyumbani kwake tunda lilikuwa la watu.

"Haya, akila nitakuonyesha chumba."

Nilitaka kulikata vipande vidogo na kuvitawanya ua mzima, kila kuku apate chake. Hakunisubiri. Alininyang'anya, akalibamiza chini mbele ya jogoo wake, ili ale peke yake ashibe.

Kuku wote waliganda. Jogoo alilitazama lile jekundu kwa jicho moja, kisha kwa la pili, akarudi nyuma mpaka kamba ikakaza. Tetea mmoja akadonoa mbegu. Akadonoa tena, akatoa mlio, na ua mzima ukamiminika pale.

Jogoo alipolionja tu, hakutaka mwenzake. Alimrukia tetea wa kwanza, akamng'oa manyoya ya shingo. Ndipo jogoo mdogo mweusi, ambaye hakuna aliyekuwa akimjali, akampanda yule mwekundu mgongoni na kumpasua upanga wa kichwani. Damu ikaruka. Mwekundu alijaribu kukimbia, kamba ikamvuta, akaanguka kifudifudi ndani ya tikiti. Kuanzia hapo matetea hawakuchagua. Walidonoa tikiti, wakadonoa upanga, wakadonoa jicho. Niliingiza mikono, wakanichana. Mama alishika fimbo, akawapiga kuku, akanipiga na mimi.

Nilipofungua kamba, jogoo alisimama. Mahali pa jicho palikuwa na shimo. Alizunguka kama mlevi, akaanguka ubavu, miguu ikipiga hewa.

"Lete kisu kabla hajafa!" mama alinipigia kelele. Akamchinja palepale, akabaki amechuchumaa, mikono myekundu hadi viwikoni. "Kesho nitawaonyesha nini? Kichwa?"

Yule mweusi alikuwa bado amesimama juu ya ganda, anakula, mdomo unachuruzika, kifua kimejaa. Mama alimtazama kwa muda mrefu.

"Mshenzi huyu. Mbona sikuwahi kumwona ana kifua hivi?" Akanigeukia. "Mkamate."

Nilimkamata, akanipasua kifundo cha mkono. Mama alifungua chumba cha mwisho: kitanda cha kamba, dirisha lenye nondo. Akamfunga jogoo kwenye tendegu la kitanda.

"Humu hakuna wa kumdonoa. Wakwe wakija wakamkuta amepungua hata unyoya mmoja, utaondoka na begi lako."

"Na chumba changu?"

"Si ndiyo hiki? Na hilo ganda mkatie vidogo vidogo, wewe mwenye maarifa."

Nikaketi sakafuni na kisu. Mweusi alivichukua vipande kutoka kiganjani mwangu, na karibu kila kipande alikichukua pamoja na ngozi.