Kipaza Aliponyimwa Sauti

Kwenye kituo kikuu cha mabasi alikuwapo mama mmoja ambaye wasafiri walimjua kwa sikio kabla ya kumjua kwa sura. Kazi yake ilikuwa kutangaza. Alishinda katika chumba kidogo cha vioo juu ya madirisha ya tiketi, akiita mabasi yanayoondoka, akionya walioacha mizigo njiani, akiwatafuta wazazi wa watoto waliopotea. Sauti yake ilikuwa nene na safi. Basi likichelewa, alilitangaza kwa namna ambayo watu walisahau kukasirika. Wenzake wakambandika jina la Kipaza, nalo likamganda hata mtaani kwake.

Alikuwa mtu asiyekalika. Alikula amesimama, akazungumza huku anapanga vitu vilivyokwisha kupangwa, na ukimwambia apumzike alikuuliza kwanza kama kuna kazi unamficha. Mume wake, fundi viatu aliyeweza kuinamia soli moja asubuhi nzima, alisema yeye ameoa upepo, na upepo haulaumiwi kwa kuvuma.

Kanisani ndiko sauti ile ilikopata heshima yake yote. Harusi ikifungwa, Kipaza aliombea. Jengo likianza kuchimbiwa msingi, Kipaza aliombea. Mchungaji alikuwa akimtazama tu, naye anainuka, anafumba macho, na maneno yanamtoka kama maji ya bomba lililofunguliwa mpaka mwisho. Watu waliitikia, wengine walitoa machozi. Lakini Biblia yake ilikaa ndani ya mkoba wa Jumapili, na mkoba ulikaa kabatini mpaka Jumapili nyingine. Akiulizwa habari ya sala zake za nyumbani alijibu, "Mimi naomba nikitembea." Na kwa kuwa alikuwa anatembea kila wakati, hakuna aliyetia shaka.

Asubuhi moja, katikati ya kuita basi la kwanza, sauti ilikatika. Haikukwaruza, haikupungua; ilikatika tu, na abiria kule chini wakainua vichwa kutazama spika. Kipaza alikohoa, akanywa maji, akajaribu tena. Kikatoka kitu kama mlango unaoburutwa.

Daktari wa koo alimmulika, akavua glavu, akamweleza bila kuzunguka. Nyuzi za sauti zimeota vinundu. "Usiseme, mama. Wala usinong'one, maana kunong'ona nako kunazichosha. Mpaka mimi nikuruhusu. Ukinidharau, tutapasua, na siwezi kukuahidi kitakachobaki."

Kazini walimhamishia chumba cha vifurushi, akapokee mizigo na kuibandika namba. Kipaza sauti chenyewe akapewa binti wa tiketi, aliyetangaza kama mtu anayeomba radhi. Kila tangazo lilimchoma Kipaza. Alikuwa akisikia kosa, anafungua mdomo, anakumbuka, anaufunga. Mume alimnunulia kibao cha chaki cha kuandikia shida zake, akamvika shingoni, na siku ya kwanza Kipaza alikijaza kwa malalamiko pande zote mbili.

Jumapili ilipofika, mchungaji alimpita kwa macho akamwita mzee wa kanisa. Mzee aliomba kwa kusuasua, akarudia maneno, akasahau wagonjwa, akawakumbuka baada ya amina. Kipaza alikunja vidole ndani ya viatu. Akarudi nyumbani na uamuzi: kama hawezi kuomba mbele za watu, ataomba peke yake, kila asubuhi, na kusoma Biblia, mpaka Mungu amrudishie kilicho chake.

Kesho yake aliketi sebuleni kabla ya kwenda kazini, mikono mapajani. Akaanza moyoni: Baba wa mbinguni, tunakuja mbele zako asubuhi hii, tunakushukuru, tunakusihi...

Akasita. Tunakuja, nani na nani? Mume yuko bafuni. Sebuleni alikuwapo yeye na mjusi ukutani, na mjusi hakuonyesha dalili ya kuomba. Akajirekebisha: Ninakuja mbele zako. Halafu basi. Ninakuja kufanya nini? Alitafuta neno la kufuata, kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba cha ugenini, asilipate. Miaka yote ile ya "tu" na "sisi", hakuwa na sentensi hata moja ya "mimi". Akainuka akaosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Hilo lilimtisha kuliko maneno ya daktari. Mtu akikosa sauti hulaumu koo. Akikosa la kusema, je?

Akajitupa kwenye kusoma. Alianza mwanzo kabisa, akasoma alivyozoea kusoma ratiba, jicho linakimbia, kurasa zinageuka. Alisoma amesimama kwenye jiko, akasoma anatembea koridoni, akasoma juu ya magunia kule vifurushi huku mguu unatikisika. Mababa wakaoa na kuzaa, bahari ikapasuka, na kabla hajajua akawa katikati ya vipimo vya hema, mapazia na vishikizo vyake. Mume akamkuta akigeuza kurasa kwa hasira.

"Umefika wapi?"

Akamwonyesha kwa kidole.

"Na huko nyuma kulikuwa na nini?"

Kipaza akashika chaki, akafikiri, asiandike kitu.

"Mama watoto," mume akasema kwa upole, maana yeye mwenyewe hakuwa msomaji na alijua hana haki ya kucheka, "basi lako mbona halisimami vituoni?"

Alinuna siku nzima. Lakini siku iliyofuata, badala ya kuendelea na hema, alifungua Zaburi, akajilazimisha kusoma taratibu, kidole chini ya kila mstari kama mtoto wa chekechea. Ilikuwa adhabu. Mwili uliwasha. Alikumbuka nguo za kuanika, mlango wa kabati unaolia, binti wa tiketi na matangazo yake. Mara nne, mara tano aliinuka bila sababu akarudi. Siku nyingine hakurudi. Kisha akakutana na zaburi ambayo mwenye kuomba anamuuliza Mungu waziwazi kama amemsahau, na atamsahau mpaka lini.

Kidole kikasimama. Akarudia. Kumbe mtu anaweza kumwambia Mungu hivyo, bila kuanza na shukrani, bila kupamba, na maneno yake yakawekwa ndani ya Biblia yasomwe na vizazi? Kama yeye angeomba vile kanisani, wangesema ana homa.

Akafumba macho, na safari hii sentensi ikaja yenyewe: Ninaogopa. Ninaogopa sauti haitarudi, na isiporudi sijui mimi ni nani. Akaongeza: Na nina hasira na mdogo wangu, kwa sababu alisema kweli.

Akafumbua macho haraka, kama aliyemwaga kitu. Hata amina hakuisema. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Akavaa viatu, akatoka.

Mdogo wake alikuwa mpishi wa shule upande wa pili wa mji, na walikuwa hawasemezani tangu walipomzika mama yao. Siku ile Kipaza aliomba pale kaburini, akaomba sana, jua likiwachoma waombolezaji. Baadaye jikoni, mbele ya shangazi zao, mdogo mtu akatamka, "Dada, debe tupu haliachi kuvuma." Kipaza aliondoka bila kuaga. Njiani mote sasa alijiuliza anakwenda kufanya nini, akageuka kurudi, akageuka tena, mpaka mwenye duka la kona akamuuliza kama amepotea.

Alimkuta anakoroga sufuria kubwa kwa mwiko mrefu kama kasia. Mdogo mtu alimwona na kibao shingoni, akaacha kukoroga.

"Nilisikia unaumwa koo," akasema. "Umekuja kunigombeza kwa ishara?"

Kipaza akaandika kwa nguvu mpaka chaki ikavunjika: *Ulisema kweli.*

Mdogo mtu alisoma maneno yale. Akapunguza moto. "Sikusema kweli, dada. Nilisema kwa uchungu. Uliomba mpaka mimi nikakosa nafasi ya kulia. Kila nikitaka kulia, wewe una neno jingine." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Na tangu siku ile sijaomba tena. Nikifumba macho nasikia sauti yako, basi naona wewe umeshasema yote."

Kipaza angekuwa na sauti angejitetea, na angejitetea vizuri, na huo ungekuwa mwisho wao. Alisimama tu, machozi yakashuka mpaka kwenye kibao yakachanganyika na chaki. Mdogo wake akamvutia ndoo iliyogeuzwa, akamkalisha, akampa kisu na vitunguu, wakalia wote wawili bila kulazimika kueleza sababu.

Vitunguu vilipokwisha, mdogo mtu akauliza, "Kwa hiyo siku hizi unasoma mwenyewe?"

*Najaribu. Sikaliki*, aliandika.

"Mimi nakalika lakini sisomi. Basi nitumie sura unayosoma. Nitaisoma hapa maji yakichemka. Usinifundishe kitu, dada. Sura tu."

Ndivyo walivyoanza. Kila asubuhi Kipaza alituma kwa simu jina la kitabu na sura, bila neno la ziada, jambo lililomgharimu kuliko kufunga kula. Majibu yalikuja yakiwa mafupi: "Nimesoma. Sijaelewa kitu." Au, "Huyu nabii alikuwa na jirani kama wangu." Siku moja likaja, "Nimeomba. Kidogo." Kipaza alilisoma lile neno akiwa kwenye foleni ya mikate, akatoka kwenye foleni, akasahau mikate.

Usidhani mambo yalinyooka. Mazoea yana taabu, na mazoea mapya yana taabu mbili. Kuna majuma alisoma akiwa na hamu, na kuna asubuhi alitazama jalada kama anavyotazamwa mgeni asiyejua kuaga. Akashikwa na mafua, akaacha. Mafua yakaisha, hakuanza. Siku zikapita, aibu ikawa kubwa kuliko uvivu: atamwambia nini Mungu baada ya kimya kile? Alikuwa akiandaa maneno ya kuomba radhi, marefu, yenye mpangilio, simu ikalia. "Sura gani leo?" Mdogo wake hakuuliza alikuwa wapi. Kipaza akaona kwamba anaandaa hotuba tena. Akaiacha, akatuma sura, akaketi akasema moyoni, Nimerudi.

Nyumbani, fundi viatu naye alibadilika pasipo kutangaza. Asubuhi akawa hafungui redio mpaka mke wake ainuke kitini. Chai akaitenga yeye. Mara moja Kipaza alimkuta amesimama kwenye kizingiti, kikombe mkononi, anamtazama.

"Mguu wako bado unacheza ngoma," akasema. "Hujatulia."

Akaandika: *Sijatulia. Nimekaa.*

Daktari alipomruhusu hatimaye kusema, sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya chini, ina mikwaruzo, ikichoka inapotea kabla sentensi haijaisha. Meneja wa kituo aliisikiliza, akatazama meza, akamwambia abaki vifurushi. Kipaza alishukuru kwa adabu, akaenda nyuma ya marobota akalia kwa hasira. Kesho yake hasira hiyo aliipeleka kitini vilevile ilivyo: Nilikaa kimya. Nilitii. Nilikuja kila siku, au karibu kila siku. Mbona hukunirudishia? Hakupata jibu. Alikaa akingoja, mguu unatikisika, kisha akasoma sura ya siku ile, ambayo haikuhusu koo wala kazi, akaenda kazini akiwa bado amekasirika. Lakini alikuwa amemwambia Mungu.

Jumapili moja mchungaji, akidhani anamfurahisha, alimtazama kama zamani. "Mama, tuombee."

Akainuka. Kanisa likafumba macho likasubiri lile bomba lifunguke. Akameza mate, watu wakadhani koo limekataa. Kisha akasema, kwa sauti ile yenye mikwaruzo, kwamba wapo humu wenye kuogopa na wapo waliochoka, yeye ni mmoja wao, na wanaomba wasiachwe. Akasema amina, akaketi. Wengine waliitikia wamechelewa, maana walikuwa wanajiandaa kusimama kwa muda mrefu.

Nje, mama mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Amepoa siku hizi," naye akasikia. Hakukasirika sana. Kilichomsumbua kilikuwa kingine: alipokuwa anaketi, alijiona akifurahia ule ufupi wa sala yake, na mchungaji alivyomtazama. Kumbe hata ufupi unaweza kutangazwa. Alitembea nyumbani akizungusha jambo hilo kichwani, akamweleza mume, ambaye alisema hajui, na chakula kinapoa.

Jumatatu alifika kituoni mapema, akafungua chumba cha vifurushi, akavuta robota la blanketi akakalia. Sura ilikuwa ya nabii mkali, na Kipaza hakukubaliana naye, akamweleza Mungu hivyo. Kuhusu Jumapili alisema alichokijua: alifurahia kutazamwa, na hajui dawa yake. Hapo mama mmoja akaingia na magodoro mawili yaliyofungwa kamba, anahema, basi lake linaunguruma nje.

"Habari za asubuhi, mama. Naomba unisaidie upesi, linaondoka."

Kipaza akaweka risiti katikati ya kurasa kushika mahali, akainuka kutafuta namba za kubandika. Mistari ya mwisho aliisoma saa sita mchana, amesimama, mkate mkononi.